Mwanza na Bukoba: ziwa ni lile lile, safari ni mbili

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, ukikata juu ya Ziwa Victoria, ni takriban kilomita 175. Ndege haimalizi saa moja. Basi hulizunguka ziwa kupitia Geita na Muleba, zaidi ya kilomita 400. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, na tunalishukuru kwa dhati. Lakini mama aliyempakata mtoto mgonjwa, chupa ya uji miguuni, bado anashinda garini. Tiketi ya ndege haikamatiki kwake. Serikali na mashirika ya ndege wakae meza moja, tozo zipunguzwe, nauli ya safari hii fupi ishuke.