Una kisukari na umeandikiwa dawa ya lehemu: umeze au uache?

Msikilizaji wetu mmoja wa Shighatini, mama aliyekwisha kuvuka miaka 50, alituuliza swali ambalo tumelisikia pia kutoka Usangi, Mwanga mjini na Same. Ana kisukari kwa miaka kadhaa. Anameza dawa ya sukari asubuhi na jioni, na ya presha mara moja kwa siku. Safari hii kliniki wameongeza kidonge cha tatu, wakamwambia ni cha mafuta kwenye damu. Yeye hana dalili yoyote, kipimo cha mafuta kilisoma vizuri, na chakula chake ni makande, ndizi na mboga za shambani. Sasa ameweka vidonge hivyo kabatini na anataka kujua: je, ameze au aache?

Mama huyu hakuuliza swali la kijinga. Kidonge hiki kikianzwa kwa kawaida humezwa kwa miaka mingi, kinatafuta pesa kila mwezi, na anayekimeza hasikii tofauti yoyote mwilini. Dawa ya maumivu hujisifu yenyewe, lakini hii haijisifu. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Dawa yenyewe ni ipi?

Dawa hizi huitwa statini. Zinazopatikana zaidi kwetu ni atorvastatini na simvastatini. Kazi yake ni kulipunguzia ini uwezo wa kutengeneza lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu ambayo wengi huyaita kolesteroli.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Sehemu kubwa ya lehemu iliyo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Chakula kina mchango wake, lakini mtu anaweza kula makande bila tone la mafuta na bado ini lake likaendelea kutengeneza lehemu usiku na mchana.

Statini ya kwanza iligunduliwa miaka ya 1970 na mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, ndani ya kuvu wa jamii ile ile iliyotupatia penisilini. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya kundi hili itumike kwa wagonjwa. Leo haki miliki za atorvastatini na simvastatini zimekwisha muda wake, viwanda vingi vinazitengeneza, na bei yake si ile ya zamani.

Kwa nini mwenye kisukari aambiwe ameze hata kama lehemu iko sawa?

Watu wa milimani wanaifahamu ndiva. Maji ya chemchemi hujaa usiku, mchana lango hufunguliwa na maji hushuka kwa mifereji hadi mashambani. Mfereji wenye kingo imara hupitisha maji miaka mingi. Lakini kingo zikichimbika, hata tope kidogo hupata mahali pa kushika. Tope hujengeka taratibu, na hakuna anayeshtuka mpaka siku shamba la chini linapokosa maji. Hapo ndipo mbiu ya msaragambo hupigwa.

Sukari iliyozidi kwenye damu huchimba kingo za mishipa, na presha huzichimba zaidi. Kwa hiyo kiasi cha lehemu ambacho kwa mtu mwingine kingepita bila shida, kwa mwenye kisukari hupata mahali pa kushika. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba. Ukiziba mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ukiziba wa ubongo, ni kiharusi. Watu wengi wenye kisukari hawauawi na sukari yenyewe, huuawa na moyo au kiharusi. Na kwa familia ya mlimani, kiharusi cha mama au baba ni shamba lisilolimwa, mtoto anayeacha kazi mjini arudi kuuguza, na magari ya kukodi kwenda hospitali.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye kisukari cha aina ya pili walio na miaka 40 na zaidi wapewe statini. Halisubiri lehemu ipande kwanza.

Utafiti unasema nini?

Utafiti unaojibu swali la mama wa Shighatini moja kwa moja ulifanyika Uingereza na Ayalandi, na matokeo yake yalitoka mwaka 2004. Walishiriki watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wa miaka 40 hadi 75. Hawakuwa wamewahi kupata ugonjwa wa moyo wala kiharusi, na lehemu yao haikuwa juu. Kila mmoja alikuwa na angalau jambo moja jingine la hatari, kama presha, sigara, au macho au figo zilizoanza kuguswa na sukari. Nusu walipewa atorvastatini ya miligramu 10, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa.

Utafiti ulisimamishwa karibu miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Kwa muda wa karibu miaka minne, katika kila watu 100 waliopewa kidonge kitupu, 9 walipata tatizo kubwa la moyo au kiharusi. Kwa waliopewa dawa, walikuwa karibu 6. Viharusi peke yake vilipungua kwa karibu nusu.

Tuzitazame namba hizi bila kuzipamba. Katika watu 100, 91 hawakupata tatizo ndani ya miaka hiyo hata bila dawa, na 6 walipata ingawa waliimeza. Waliookolewa ni kama 3. Anayekuambia kidonge hiki ni kinga kamili anakudanganya, na anayekuambia hakisaidii kitu naye anakudanganya. Kumbuka pia kwamba hiyo ilikuwa miaka minne tu. Mtu wa miaka 50 mwenye kisukari anatazamia kuishi nacho miaka 20 au 30, na hatari yake hukua kila mwaka unaopita.

Wengine watauliza: utafiti wa Wazungu unatuhusu nini sisi? Ni kweli kwamba Waafrika wamekuwa wachache mno katika tafiti za aina hii. Hata hivyo, mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa statini kwa watu 7,769 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na miongoni mwa nchi zilizoshiriki zilikuwamo Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Wale hawakuteuliwa kwa sababu ya kisukari, lakini kwao pia statini ilipunguza matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa zaidi ya theluthi moja.

Hofu tunazozisikia

Ya kwanza ni maumivu ya misuli. Yapo, lakini ni machache kuliko yanavyosemwa. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa kwa zamu miezi ya dawa, miezi ya kidonge kitupu, na miezi bila kidonge chochote. Sehemu kubwa mno ya maumivu waliyoyapata wakimeza dawa, kama asilimia 90, waliyapata pia wakimeza kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila mara nyingi hayakuletwa na dawa. Nusu yao walirudi kwenye dawa. Kwa hiyo misuli ikikuuma baada ya siku ya kulima, usikimbilie kuacha. Lakini ukipata maumivu makali au udhaifu usioelezeka, na mkojo ukawa wa rangi nzito kama chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Hali hiyo ni adimu sana, ila haingoji kesho.

Ya pili ni kwamba dawa hupandisha sukari. Hili lina ukweli ndani yake. Uchambuzi wa tafiti 13 uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu 255 wakitumia statini kwa miaka minne, mmoja zaidi ataingia kwenye kisukari. Kwa aliye nacho tayari, sukari inaweza kupanda kidogo. Daktari hurekebisha dawa ya sukari, na faida kwa moyo na ubongo hubaki kubwa kuliko kasoro hiyo.

Ya tatu ni ini. Madhara makubwa kwenye ini ni nadra. Mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, au anayekunywa pombe kupita kiasi, iwe bia au dengelua, aseme ukweli kliniki kabla ya kuanza.

Nani azungumze na daktari kwanza?

Mama mjamzito, anayenyonyesha au anayetarajia kushika mimba asianze dawa hii bila ushauri. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ataje majina yake, kwa maana baadhi hazipatani kabisa na simvastatini. Anayemeza amlodipini ya presha aseme pia, kwani kipimo cha simvastatini hubadilika. Ukiandikiwa dawa ya fangasi au antibayotiki kama klarithromaisini, mkumbushe mtoa dawa kwamba uko kwenye statini. Na tunda la balungi likiliwa kwa wingi huongeza nguvu ya dawa hizi mwilini, hivyo ulipunguze au uliache.

Wenye umri chini ya miaka 40, na wazee waliopita miaka 75 ambao hawajawahi kuitumia, uamuzi wao hutegemea hali ya kila mmoja. Lakini aliyekwisha kupata kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba, au mshtuko wa moyo, hana mjadala mrefu: faida kwake ni kubwa zaidi kuliko kwa mwingine yeyote.

Ahadi za dunia na kabati la zahanati

Mwezi Mei 2022, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, watu 60 katika kila 100 wenye kisukari walio na miaka 40 na zaidi wawe wanapata statini. Mwaka huo huo uchambuzi wa nchi 41 zenye kipato cha chini na cha kati ulionyesha kwamba kati ya watu wanaostahili dawa hii kwa kinga, waliokuwa wakiitumia walikuwa 8 tu katika 100. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta watu wazima 9 katika 100 wana kisukari. Si ugonjwa wa matajiri wa mjini peke yao.

Kutoka watu 8 hadi 60 ni mlima mrefu, na hauwezi kupandwa kwa mawaidha kwa mgonjwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Kwa maoni yetu, kipimo cha sheria hiyo huku milimani hakitakuwa idadi ya kadi zilizotolewa. Kitakuwa hiki: je, mwenye kisukari wa Shighatini anaikuta dawa karibu na kwake kila mwezi, au anateremka hadi Mwanga kwa nauli inayoshinda bei ya dawa? Dawa ya kumeza kila siku inayopatikana mwezi huu na kukosekana miezi miwili haimlindi mtu. Swali hili viongozi waulizwe kwenye mikutano ya vijiji, kama wanavyoulizwa habari za barabara na maji.

Na kama pesa haitoshi vyote? Usipunguze insulini au dawa ya sukari ili ununue statini, wala usiache dawa ya presha. Mweleze mhudumu wazi kwamba huwezi kumudu, na ulizia dawa kwa jina lake halisi badala ya jina la kampuni, maana mara nyingi ni nafuu zaidi. Kuacha sigara na ugoro hakugharimu kitu.

Rudi kliniki na maswali haya

Kama vidonge viko kabatini, usivitupe na usivigawe kwa jirani. Nenda navyo, pamoja na dawa zako zote, ukaulize: Hatari yangu ya moyo na kiharusi ni kubwa kiasi gani? Dawa hii inapatana na hizi nyingine? Nimeze saa ngapi? Simvastatini hufaa zaidi usiku, atorvastatini wakati wowote. Nikipata maumivu nirudi lini? Na ikikosekana hapa, nitaipata wapi?

Msimamo wetu ni huu. Kwa mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, ambaye hana kizuizi kati ya hivyo tulivyovitaja, mizani imeelemea upande wa kumeza. Kukosa dalili si hoja ya kuacha, maana dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi chenyewe. Lakini mwili ni wako, na anayestahili kuamua ni wewe baada ya kuelezwa. Mama yetu wa Shighatini tumemwambia hivyo hivyo: avitoe vidonge kabatini, avitie kwenye mkoba na kadi yake, na siku ya kliniki asitoke chumbani kabla hajajibiwa.