Kuweka simu ya intaneti si kazi, kazi ni kuilea

Mtu anayetembea River Road jijini Nairobi, au barabara yoyote ya maduka katika miji yetu, hahitaji utafiti ili ajue namna simu inavyozitesa biashara ndogo. Na atazame mabango tu. Hapa nambari imefutwa kwa rangi nyeupe na nyingine kuandikwa juu yake; pale nambari tatu zimepangwa moja chini ya nyingine, na mwenye duka mwenyewe hana hakika ni ipi inayopatikana. Aghalabu nambari iliyofutwa ni mfanyakazi aliyeondoka. Aliajiriwa na laini yake mwenyewe, akawapa wateja nambari hiyo, na siku alipoacha kazi akaondoka na wateja ndani ya mfuko wa shati.

Walimu wasidhani kwamba hayo ni masaibu ya wauza vipuri pekee. Zipo shule za kibinafsi ambazo zimechapisha nambari ya rununu ya karani katika ripoti za wanafunzi. Karani akihama, mzazi anayetaka kujua hali ya mwanawe aliyeugua bwenini hujikuta akizungumza na mtu aliye kaunti nyingine, ambaye hana habari na wala hadaiwi habari.

Dawa ya maradhi haya ipo, nayo ni simu ya intaneti. Biashara hukodi nambari ya mezani, tuseme ile inayoanza na 020, kutoka kwa kampuni yenye leseni. Nambari hiyo haikai katika waya wa shaba wala katika laini ya mtu. Hukaa katika mtambo wa kampuni, na simu ikipigwa huelekezwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye simu za ofisini, tarakilishi, au rununu za wafanyakazi. Mfanyakazi akiondoka, nambari hubaki. Jambo ninalolalamikia ni kwamba dawa hii nzuri inauzwa vibaya. Inauzwa kama kabati, kitu cha kuletwa, kupangwa na kusahauliwa, na wanunuzi wetu wanainunua vivyo hivyo.

Kabla ya kuingia ndani, hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Wakati wa Shirika la Posta na Simu, mfanyabiashara aliweza kuomba laini akangoja miaka. Shirika hilo liligawanywa mwaka wa 1999, lakini Telkom Kenya ikabakiwa na ukiritimba hadi mwaka wa 2004, na katika kipindi hicho kuuza huduma ya kupitisha sauti kwa intaneti kulihesabiwa kuwa kosa. Hata data yenyewe ilifungiwa njia. Novemba 2000, kampuni za intaneti zilifungua kituo cha Nairobi cha kubadilishana data baina yao, ili barua ya elektroniki kutoka Westlands kwenda Industrial Area isilazimike kupanda kwenye setilaiti, kwenda ng'ambo na kurudi. Mwezi uliofuata kituo kikafungwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, baada ya Telkom kulalamika. Hakikufunguliwa tena hadi mwaka wa 2002. Nitakirudia kituo hiki baadaye, kwa sababu kinahusika na simu ya muuza saruji kuliko anavyodhania.

Mikonga ya chini ya bahari ilipofika Mombasa mwaka wa 2009, rununu zilikuwa zimekwisha kuenea, na biashara ndogo zikaruka hatua nzima ya swichibodi. Hazikuwahi kuwa na opereta, wala ekstensheni, wala mazoea ya kumlipa fundi wa kuzitunza. Hapo ndipo chimbuko la uzembe wetu wa leo.

Mtambo wenyewe hauna uchawi. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida hamsini kwa kila sekunde, kila kipande kikafungwa kama bahasha yenye anwani na kutumwa. Mazungumzo mamoja ya ubora wa kawaida huhitaji kilobiti 80 hivi kwa sekunde kila upande. Kwa hiyo watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja hawafikii megabiti moja, kiasi ambacho faiba ya bei nafuu hukibeba bila kuhema. Wala mtambo si lazima uwe wa mamilioni. Mwaka wa 1999 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, aitwaye Mark Spencer, alianzisha biashara ndogo ya kuwasaidia watu na tarakilishi zao. Bei ya swichibodi ilimshinda, akaketi akaandika programu ya kufanya kazi hiyo, akaiita Asterisk, na kuitoa bure. Mitambo mingi ya simu duniani imejengwa juu ya programu hiyo. Ofisi ya watu sita yaweza kuiendesha kwenye tarakilishi isiyozidi ukubwa wa kiganja.

Ikiwa basi kuweka ni kwepesi hivyo, mbona wengi hujuta?

Sababu ya kwanza ni kwamba sauti haina subira. Barua ya elektroniki ikichelewa sekunde mbili, hakuna anayejua. Sauti ikichelewa, watu wawili huanza kukatizana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake hana adabu. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio. Sasa, kuna kampuni zinazouza huduma hii humu nchini ilhali mitambo yao iko Ulaya. Mteja wa Gikomba akimpigia duka la Kariobangi, sauti yake husafiri hadi ng'ambo na kurudi, na safari hiyo peke yake hukaribia kukimaliza kipimo chote. Kampuni yenye mtambo Nairobi, iliyounganishwa na kile kituo kilichofungwa mwaka wa 2000, hupitisha sauti hiyo bila kuivusha bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mahali ulipo mtambo wako ndipo palipo biashara yako.

Sababu ya pili ni ruta. Rafiki yangu mwenye duka la vitabu alilipia mfumo wa simu nne, na kwa wiki nzima ukafanya kazi vizuri. Wiki ya pili akaanza kupokea simu ambazo yeye alimsikia mteja, mteja akawa hamsikii. Fundi akaja, akabadilisha simu ya mezani. Akaja tena, akabadilisha waya. Kumbe kampuni ya intaneti ilikuwa imebadilisha ruta, na ile mpya ilikuwa na kipengele kinachojipa kazi ya kurekebisha anwani za bahasha za sauti, kikazivuruga. Kipengele hicho huzimwa kwa dakika moja na mtu anayekijua. Yule fundi hakukijua, na sina haja ya kumlaumu, kwa sababu aliyemfundisha alimfundisha kuweka tu. Kwa siku kumi na moja, walimu waliotaka kuagiza vitabu walipiga simu wakasikia kimya.

Umeme nao una yake. Ile simu ya zamani ya waya ilipata nguvu zake kutoka kwa kituo cha simu, na hata mtaa ukiwa gizani iliendelea kulia. Simu ya intaneti hufa pamoja na ruta. Walioshuhudia giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023 hawahitaji kuelezwa zaidi. Betri ya akiba ya kuhimili ruta na mtambo kwa saa chache si kitu cha anasa. Kando ya hiyo, mtambo wapaswa kuamrishwa mapema kwamba ofisi isipopatikana, simu ielekezwe kwenye rununu ya msimamizi. Amri hiyo haigharimu kitu kuiweka, lakini isipojaribiwa, itagunduliwa kuwa na kasoro siku ile ile inapohitajika.

Linaloniumiza zaidi ni wizi. Mtambo uliounganishwa na intaneti hubishiwa hodi usiku na mchana na programu za wezi walio kokote duniani. Wanatafuta ekstensheni 100 yenye neno la siri 100. Wakiipata, hungoja Ijumaa jioni ofisi ifungwe, kisha hupiga mamia ya simu kwenda nambari za ng'ambo zinazotoza ada kubwa, ambazo wao wenyewe hupata sehemu ya mapato yake. Jumatatu mwenye biashara hukuta deni. Kampuni ya simu humwambia, na kwa haki, kwamba simu zilitoka kwake. Kinga zake zinajulikana: maneno ya siri marefu, kufunga simu za ng'ambo kwa asiyezihitaji, na kulipia kabla ili hasara isizidi salio. Hizo zote ni kazi za matunzo, na programu ya mtambo isiposasishwa, hata neno la siri refu laweza lisifae kitu.

Naam, watasema wengine, kwani WhatsApp haitoshi? Kwa kinyozi na muuza mitumba yatosha, tena nitamshauri asitumie senti kwa lolote nililolitaja hapa. Biashara ya mtu mmoja ni mtu huyo. Hesabu hubadilika pale watu watatu au wanne wanapopokea simu za wateja wale wale: zahanati, shule, wakala wa bima, karakana yenye ofisi. Hao wanahitaji kujua nani alipiga, nani alijibu, na nani aliachwa akingoja. Na wakiamua kurekodi mazungumzo, wakumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawabana wao pia. Mpigaji sharti aambiwe, na rekodi hizo si za kuachwa katika tarakilishi inayotumiwa na kila mtu.

Hapa nawageukia walimu wa vyuo vya kiufundi. Wanafunzi wenu wakipewa tarakilishi kuukuu mbili, ruta moja na programu ya bure, wanaweza kupigiana simu darasani bila kuunganishwa na intaneti hata kidogo. Hilo ni somo la asubuhi moja. Somo la muhula mzima liwe kuuharibu mtambo huo kwa makusudi: kuujaza mtandao video hadi sauti ikatike, kuzima umeme, kubadilisha ruta, kisha kumtaka mwanafunzi atafute kilichoharibika na kukiandika. Kijana mwenye daftari la namna hiyo ataweza kuyatunza maduka ishirini kwa malipo ya kila mwezi, badala ya kuzurura akitafuta duka la ishirini na moja la kuweka.

Na mwenye biashara anayesaini wiki hii, asimlipe fundi salio kabla ya kukabidhiwa karatasi yenye mambo matatu: maneno yote ya siri ya mtambo na ruta, jina lililoandikishwa kuwa mwenye ile nambari, ambalo lazima liwe la biashara na wala si la fundi, na nambari ya mtu atakayekuja Jumamosi usiku simu zikinyamaza. Kisha achomoe waya wa ruta mbele ya fundi huyo, ajipigie simu, na kusubiri aone kama rununu yake italia.