Fungua Dirisha, Msomi

Kijana wa jirani yangu alikuja juzi saa moja asubuhi, kabla wingu halijafunika mlima. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Akanipa shikamoo ya haraka haraka, akanitandikia mezani insha iliyokwisha kusahihishwa: kurasa kumi, rejea kumi na nne, alama 14 kwa 20. Alitaka nimwambie zile sita zimepotelea wapi.

Ukurasa wa tatu nikasimama. Ameandika, kwa Kiingereza chake cha mitihani, kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Itakuwa! Mwisho wa sentensi kuna mabano yenye jina la mtafiti, na juu yake mhadhiri amepiga vema kwa wino mwekundu. Nikainuka, nikavuta pazia. Kibo hiyo, kilele cha Kilimanjaro, kichwa cheupe, pale pale ilipo siku zote ukiitazama kutoka Sanya Juu.

"Ile ni nini?"

Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini mwalimu, imeandikwa."

Imeandikwa na nani, lini, kwa kipimo gani? Utafiti wenyewe naujua. Ulitolewa mwaka 2002 na Lonnie Thompson na wenzake katika jarida la Science. Walilinganisha ramani ya mwaka 1912, barafu ikiwa na takriban kilomita za mraba 12, na hali ya mwaka 2000, ilipobaki kama 2.6. Wakasema mwendo ukiendelea hivyo, itakwisha kati ya 2015 na 2020. Ni kazi nzito, na upungufu walioupima ni wa kweli. Kilichopitwa na wakati ni ubashiri, na ubashiri si ushahidi. Kijana haijui tofauti hiyo kwa sababu utafiti hakuusoma. Aliokota sentensi kwenye desa la mwenzake wa mwaka wa tatu, naye aliiokota kwa mwingine. Hajui pia kwamba mwaka 2004 Georg Kaser na wenzake walieleza kuwa kisa kikubwa ni ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, si joto peke yake. Mabingwa wanabishania mlima wa nyumbani kwa kijana huyu, yeye anaandika kwamba watafiti wote wamekubaliana.

Na msidhani kuchungulia dirishani kunatosha. Weupe wa asubuhi unaweza kuwa theluji ya jana usiku tu. Barafu ya kudumu ni kitu kingine. Jicho nalo huulizwa maswali. Ila walau litumike.

Kulipuuza jicho hakukuanza leo. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu, akaandika kwamba una theluji. Mwenyeji aliyemwongoza aliuita ule weupe baridi, basi. Kule London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika aliyeisomea kwenye kiti, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haikuingia kwenye hesabu zake. Tumemcheka Cooley miaka mingi. Leo tunamlea hapa hapa chini ya mlima, tunamkopesha bumu na kumvika joho.

Kijana simlaumu sana. Nendeni naye kwenye mgogoro wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, muone anavyohoji: sale hili la mpaka alilipanda nani, wewe ulikuwepo, mbona shina changa hivi na unasema ni la babu yako? Shahidi wa kuambiwa anamtambua kabla hajamaliza kusalimia. Mtu huyo huyo, mbele ya karatasi ya chuo, anageuka bubu. Kiingereza kinamla nguvu zote, na juu ya hapo amefundishwa kwamba ushahidi ni idadi: rejea zisipungue kumi na mbili. Basi anasuka sentensi kwanza, halafu anakwenda kutafuta jina la kuibandikia, kama mtu aliyepaua nyumba ndipo anaulizia kiwanja. Akikwama, siku hizi kuna akili mnemba inayomtungia hata vitabu visivyokuwepo, pamoja na mwaka wa kuchapwa.

Wahadhiri mtaniambia darasa lina watu mia nne. Naelewa, nami nimesahihisha madaftari kwa koroboi. Punguzeni insha, basi! Moja kwa muhula, kurasa tatu, rejea mbili tu, lakini azisome mwanzo hadi mwisho, aje aeleze kwa mdomo mwandishi alijuaje anachokisema. Kwa Kiswahili, akitaka. Na insha irudi na maneno, si tarakimu pekee.

Maana ile ya kijana wetu niliipekua hadi mwisho, nikakuta mhadhiri ameandika neno moja tu katika kurasa zote kumi. Ni ukurasa wa tisa, mahali pekee kijana alipothubutu kusema la kwake: kwamba mfereji unaopita nyuma ya kwao, ambao utotoni aliuvuka kwa kuruka, sasa anaupita kwa hatua moja. (Miguu nayo imekua, lakini hilo hakuulizwa.) Sentensi imezungushiwa wino mwekundu. Pembeni: "Chanzo?"