KONA YA MWALIMU: Brussels na Helsinki, ni mbali kiasi gani?



Mwezi huu najibu swali la mama mmoja wa hapa kambini. Dada yake anaishi Brussels, Ubelgiji. Yeye na watoto wake wameambiwa huenda wakapelekwa Ufini. Anauliza: "Mwalimu, huko nitamwona dada yangu, au ndio tumeachana kabisa?"

Mama, kutoka Brussels hadi Helsinki, mji mkuu wa Ufini, ni kama kilomita 1,650 kwa njia ya anga. Ukitoka Kigali kwenda Addis Ababa ni kama 1,550. Yaani karibu sawasawa. Kwa ndege ni masaa mawili na nusu. Sisi tukitoka Nyabugogo kwa basi mpaka Karongi tunatumia zaidi ya hapo, na magoti yanauma!

Hesabu yangu ni hii: gawanya kilomita kwa 800, halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kigali hadi Brussels ni kama kilomita 6,360, basi utapata masaa nane na nusu hivi. Lakini ndege haipiti kila mara njia iliyonyooka. Februari 2025 Congo ilizikataza ndege za Rwanda kupita kwenye anga yake, ikabidi zizunguke.

Sasa tiketi. Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Tiketi inaandika saa za mji wa kuondokea, na saa za mji wa kufikia. Helsinki wako mbele ya Brussels kwa saa moja. Ukitoka Brussels 10:00 utafika 13:30, utadhani umeruka masaa matatu na nusu. Kurudi, unatoka 14:30 unafika 16:00, kama vile ndege imekimbia! Hapana, safari ni ileile.

Tena saa za tiketi si saa zetu za Kiswahili. 14:00 ni saa nane mchana. Na ukiona 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanja wa Kanombe unatakiwa uwe umefika tarehe 14 jioni. Ukingoja jioni ya tarehe 15, ndege imeshaondoka zamani. Tafadhali, wazazi, someni hapo mara mbili.

Turudi kwa dada. Kilomita si tatizo kubwa, tatizo ni karatasi. Ubelgiji iko katika eneo la Schengen tangu 1995, Ufini tangu 2001. Mwenye kibali halali cha kuishi Ufini pamoja na hati ya kusafiria anaweza kutembelea Ubelgiji bila viza, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Kutembelea tu, si kuhamia wala kufanya kazi. Kwa hiyo ukifika, jambo la kuuliza mapema ni hiyo hati. Nauli utaitafuta polepole.

Watoto wa darasa la sita, zoezi lenu: ndege inatoka Kigali 14:00 kwenda Addis Ababa. Addis wako mbele yetu kwa saa moja. Itatua saa ngapi za kule? Andikeni na saa ya Kiswahili, mniletee Jumatatu.