Kutoonekana si Kupona



Mwaka wangu wa uchungaji niliufanya katika parokia moja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinivuta pembeni karibu na migomba. "Frateri," akaniambia, "nimeombewa na nimepona. Nimepima, virusi havionekani. Sasa hivi vidonge niendelee navyo vya nini?"

Jibu nililijua. Lakini wanajumuiya walikuwa bado wanaimba kwa furaha, nami niliogopa kuonekana frateri asiye na imani. Nikasema, "Tumshukuru Mungu, mama." Akaelewa alivyotaka kuelewa. Kabla ya Pasaka alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliogopa, na nadhani sababu moja ni kwamba nilikuwa na maneno mengi ya sala na machache sana ya mwili. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Tunalitamka jina hilo kila siku bila kuuliza kinachopungua ni nini hasa.

Kinga huanzia kwenye ngozi, makamasi na asidi ya tumboni, ambavyo huzuia vijidudu vingi mlangoni. Mtoto akichomwa mwiba shambani na vijidudu vikapenya, chembe nyeupe za damu hufika pale ndani ya saa chache na kuvimeza. Usaha tunaoukamua ni mabaki ya vita hiyo. Mtoki unaovimba kinenani ni tezi ambako chembe nyingine zinatambulishwa adui na kuzaliana kwa wingi. Baadhi ya chembe hizo hubaki na kumbukumbu. Ndiyo maana aliyeugua surua kwa kawaida haiugui tena, na chanjo nayo hufundisha mwili kwa njia hiyo hiyo, bila kuupitisha kwenye ugonjwa wenyewe.

Katikati ya ulinzi huu kuna chembe ziitwazo CD4. Kazi yao inafanana na ya mwenyekiti wa jumuiya: zinaamsha nyingine, zinazituma, zinahimiza utengenezaji wa kingamwili. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. VVU huchagua kuingia humo humo. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata nafasi. Vimelea vya kifua kikuu, ambavyo watu wengi wanavyo mapafuni kwa miaka bila kuugua kwa sababu kinga imevidhibiti, huamka.

Dawa za kufubaza VVU huzuia virusi visizaliane. Virusi vikipungua mno, kipimo hakivioni tena, na mtu aliye katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Ni habari njema, na ni haki kuishangilia. Lakini zipo chembe za CD4 zinazolala kwa miaka huku VVU vikiwa vimejiandika ndani ya vinasaba vyake, na dawa haivigusi vilivyolala. Mtu akiacha vidonge, mara nyingi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Yeye mwenyewe huenda asihisi kitu kwa miezi mingi, kwa sababu kinga hupungua kimya kimya. Kimya hicho ndicho mama yule alichokiita kupona, nami sikumsahihisha.

Mkoa wetu wa Arusha ulipaswa kuwa umejifunza zamani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita hapa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Simcheki aliyekwenda, mtu anayeuguza hutafuta popote. Ila wapo walioacha dawa zao baada ya kunywa, na waliowazika hawakuitwa kutoa ushuhuda.

Mtu ataniuliza, kwani Mungu hawezi kuponya? Anaweza. Lakini Kanisa letu lina tahadhari kuliko sisi tunaoshika kipaza sauti. Kule Lourdes, tangu mwaka 1858, miujiza ya uponyaji iliyotambuliwa rasmi ni kama sabini tu. Mojawapo ya masharti ya kuitambua ni kwamba uponyaji usiwe umeweza kuletwa na tiba aliyokuwa akipewa mgonjwa. Mtu anayemeza kidonge kila siku na virusi vyake visionekane, kidonge kimefanya kazi yake. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamweleza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa dawa zimetoka kwa Muumba huyo huyo.

Kwa hiyo natoa maoni yangu waziwazi, hata kama walezi wetu watayaona ya haraka. Ushuhuda wa kupona VVU usitolewe altareni wala jumuiyani kabla ya kuulizwa kliniki inasemaje. Na katika miaka yote ya falsafa na teolojia ipatikane siku moja ya muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo kuja kutufundisha, tumuulize hata maswali ya kijinga. Siku moja ingenitosha mimi kumjibu mama yule pale migombani.

Amerudi kwenye dawa. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinikaribisha chai, akamaliza kunipa habari za wajukuu, kisha akasema, bila hasira, "Frateri, siku ile ungeniambia tu."