“Mimi ni Kibarua Tu”

Mwezi uliopita kijana mmoja tuliyemfundisha kusoma alitujia jioni, karatasi mkononi. Ni fundi wa kuunga chuma, mwenye bidii na adabu. Akatuambia ya kuwa amepata wakala atakayempeleka ng'ambo kujenga bwawa la umeme katika nchi yenye vita, na kwamba mshahara wa huko kwa miezi michache wapita mshahara wa mwalimu kwa mwaka mzima. Alitaka tumwandikie barua ya sifa. Tulipomwuliza, “Na vita je?” akajibu, “Mwalimu, vita ni vyao. Mimi ni kibarua tu.”

Neno hilo tumelisikia kwa wengi, wala si kwa vijana peke yao. Wazazi hulisema wanapohesabu mabati watakayoezekea nyumba. Na walimu wenzetu hulisema pia, kwa kuwa kijana akifanikiwa ni sifa ya shule. Nalo lina sura ya unyofu, maana nani atamlaumu mtu alaye kwa jasho lake? Walakini sisi twasema wazi ya kwamba si neno la kweli. Ajengaye bwawa katika nchi ya vita amekwisha kuingia vitani, apende asipende. Na heri aingie akijua kuliko aingie amefumba macho.

Tusibishane kwa maneno matupu. Tutazame bwawa moja lililo karibu nasi, yaani Cahora Bassa, katika mto Zambezi, jimbo la Tete, nchi ya Msumbiji. Mwaka 1969 serikali ya Ureno, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo, ilifanya mkataba na umoja wa makampuni ulioitwa ZAMCO, ili ujengwe ukuta wenye kimo cha mita 171. Wakati huo vita vya uhuru vilikuwa vikiwaka tangu Septemba 1964. Chama cha FRELIMO kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wazee wetu wa upande wa Ruvuma wangali wakikumbuka wakimbizi waliovuka mto, watoto migongoni. Mwaka 1968 vita vilikuwa vimefika Tete kwenyewe. Basi hakuna aliyetia sahihi mkataba ule asijue ya kuwa bwawa litajengwa katikati ya moto.

Na umeme ule ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa kupelekwa kwa nyaya zenye urefu wa kilomita 1,400 hata Afrika Kusini, kwenye migodi na viwanda vya utawala wa ubaguzi wa rangi. Mwanakijiji wa Tete angeziona nyaya zikipita juu ya paa lake, naye angali akisoma kwa kibatari.

Wakaja mafundi kutoka Ulaya na Afrika Kusini. Hapana shaka wengi wao walikuwa watu wema, wenye wake na watoto kwao. Wakajengewa mji wa Songo, penye nyumba nzuri za Wazungu. Na Waafrika waliovunja mawe na kuchanganya saruji wakakaa mbali nao, kwa ujira mdogo. Askari wa Ureno wakalinda. Kandokando ya mahali pa kazi yakafukiwa mabomu ya kutega, na malori yaliyoleta vifaa yalikwenda kwa misafara yenye ulinzi, kwa kuwa FRELIMO waliyavizia njiani. Je, fundi aliyelala ndani ya duara lile la mabomu alikuwa kibarua tu? Kila mfuko wa saruji alioufungua ulimfikia kwa ulinzi wa bunduki.

Tena wako waliohamishwa. Watu zaidi ya 25,000 waliondolewa katika bonde ili maji yapate nafasi. Hawakuulizwa. Wengi walitiwa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, wasipate kuwapa wapiganaji chakula. Na mashamba yao ya ukingoni, pamoja na makaburi ya wazee wao, yakafunikwa na ziwa. Katika jimbo lile lile, tarehe 16 Desemba 1972, askari wa Ureno waliwaua watu wapata 400 katika vijiji vya Wiriyamu, wanawake na watoto pia. Habari hizo zilikusanywa na mapadre, zikatangazwa London mwezi Julai 1973. Hatusemi kwamba fundi wa saruji ndiye aliyewaua watu wa Wiriyamu. Kusema hivyo ni kumzulia. Twasema kwamba fundi na askari walimtumikia bwana mmoja, na kazi ya mmoja ndiyo iliyoipa nguvu kazi ya mwenzake.

Wako watakaotujibu, “Nisipokwenda mimi, atakwenda mwingine.” Ni kweli, atakwenda. Kampuni ya ASEA ya Uswidi, iliyokuwa ifanye kazi ya mitambo ya umeme, ilijitoa mwaka 1969, baada ya watu wa nchi yake kupiga kelele na sheria ya vikwazo juu ya Rhodesia kuwatia hofu wakuu wake. Na kazi ile wakaichukua Wajerumani. Ukuta ukajengwa vile vile. Je, kujitoa kule kulikuwa bure? Hata kidogo. Kelele zile zilivuka mipaka: mwaka 1970 Italia nayo ilikataa kuwadhamini watu wake katika kazi hiyo, na Rais Kaunda wa Zambia alizunguka Ulaya akiwasihi wakubwa wasitie fedha zao humo. Mwaka 1971 Mapadre Weupe waliondoka Msumbiji, kwa sababu waliona kwamba kukaa kwao kimya chini ya serikali ile kungedhaniwa kuwa ni kukubali. Kama watu waliokwenda kuhubiri waliona ya kuwa kuwapo kwao tu kwanena neno, sembuse yeye aliyekwenda kujenga? Mtu hajibu kwa tendo la mwingine; hujibu kwa lake. Pilato naye alinawa mikono, wala maji yale hayakumtakasa.

Wengine watatujibu, “Mbona leo bwawa ni mali ya Msumbiji? Wangekataa wote, lisingekuwapo.” Jibu hili lina uzito, nasi hatulikwepi. Ni kweli kwamba maji yalianza kujazwa mwezi Desemba 1974, na kwamba uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Lakini hisa 82 katika kila 100 zilibaki mikononi mwa Ureno. Vita vingine vikazuka, na katika miaka ya 1980 RENAMO wakaangusha nguzo za umeme kwa mamia, hata umeme usifike Afrika Kusini kwa miaka mingi. Ni mwaka 2007 tu ndipo Msumbiji ilipopata hisa 85, nayo ililipa kwa fedha nyingi. Basi heri iliyopatikana ililetwa na waliopigania nchi yao na waliojadiliana kwa subira, si na fundi aliyepokea mshahara na kurudi kwao. Na wakulima walio chini ya bwawa, ambao mto ulikuwa ukiwarutubishia mashamba kwa mafuriko ya majira yake, hata leo mto wao hufunguliwa na kufungwa kwa shauri la watu wengine.

Wala mtu asidhani kwamba hizi ni habari za kale tu. Kule Pakistani, katika mto Indus, lajengwa bwawa la Dasu, na mafundi wengi wametoka China. Tarehe 14 Julai 2021 basi lililowachukua kwenda kazini lilipigwa kwa bomu, wakafa Wachina 9 na Wapakistani 4. Tarehe 26 Machi 2024 waliuawa tena Wachina 5 pamoja na dereva wao Mpakistani. Kuua watu waendao kazini ni uovu, nasi hatuutafutii sababu. Walakini tazameni: wale nao wangeweza kusema kwamba vita si vyao, na aliyeleta bomu hakuwauliza. Neno “mimi ni kibarua tu” halimkingi anenaye wala halimfariji mama yake. Wahenga walinena kweli: mchuma janga hula na wa kwao.

Hatusemi kila bwawa ni ovu. Nchi yahitaji umeme, na watoto wetu wahitaji taa. Wala hatumhukumu aliyeshurutishwa na njaa, kama wale wa Tete waliopewa sururu bila hiari. Twasema na yule mwenye hiari, aliye na ufundi mikononi na jembe nyumbani. Huyo na aulize mambo matatu kabla ya kupanda ndege. Mosi, umeme huu ni wa nani? Pili, waliokaa hapa wamekwenda wapi, nao waliulizwa? Tatu, ni nani atakayesimama na bunduki nyuma yangu nifanyapo kazi, na bunduki hiyo yamlenga nani? Kama wakala hana majibu, au acheka, au asema “Hayo hayakuhusu,” basi amekwisha kukujibu.

Barua ya yule kijana tuliiandika, maana sifa zake ni za kweli, wala si haki kumnyima mtu sifa zake. Lakini hatujaitia sahihi. Tulimpa maswali hayo matatu katika karatasi, tukamwambia ya kuwa siku atakapoleta majibu, mazuri au mabaya, na kutuambia kwa kinywa chake kwamba ameyapima na bado ataka kwenda, siku hiyo tutatia sahihi. Alitoka hali amenuna. Barua ingali mezani petu, nasi twamngoja.