Flashi ya Mwandiga

Kijana wa Mwandiga ajaye dukani na flashi yake ili ajaziwe katuni ya Naruto na michezo ya kompyuta kwa ujira hafifu, ilhali kuitazama kwa njia halali kwataka kadi ya benki na bando lisilokatika, sithubutu kumwita haramia; ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimpi udhuru mwenye duka, ambaye ndiye hasa atiaye faida kibindoni. Lakini tusichanganye mambo, waungwana, si kila kunakili ni uharamia: msimbo wa mfumo endeshi wa Linux, ambao Linus Torvalds aliuweka chini ya leseni huria mwaka 1992, hunakiliwa kwa idhini kamili ya mtunzi. Nilipomweleza hayo fundi mmoja, akapuliza vumbi kwenye kibodi, kisha akauliza, “Na huo nao una picha?”